Nilivyomsindikiza Petro Ulaya

Tangu turudi, mtu akiingia dukani ananunua kiberiti kimoja halafu anakaa mpaka mchana unaisha. Najua si kiberiti anachotaka, anataka Ulaya. Na najua wengi wenu mlianza kwa Petro, kwa sababu ndiye aliyealikwa, na Petro akawajibu kama kawaida yake: "Tulipanda treni. Watu wa kule ni wazuri. Ng'ombe wao ni wakubwa." Basi, Ulaya imekwisha. Halafu anawaambia, "Mwulizeni Safari."

Safari ndiye mimi. Kwa ndugu wa Katesh na Gehandu ambao haya yatawafikia na hawanijui vizuri, mimi ndiye muuzaji wa duka la ushirika hapa Dongobesh. Nilisoma mpaka kidato cha nne. Mama alinizaa njiani akitoka mnadani Mbulu, ndiyo maana nikapewa jina hilo, na sikuliaibisha. Kabla ya kuoa nilikuwa nimekata mkonge Tanga, nimefanya kazi ya reli Tabora, nimeiona Mombasa, nimefika Kampala. Miaka yote hii mtu wa hapa akitaka kusikia habari za dunia alikuja kwangu. Petro Tluway je? Petro alikuwa hajavuka Arusha, na siku alipofika Arusha alishinda kwenye mnada wa ng'ombe akarudi.

Sasa nani akaalikwa Ulaya?

Nasema wazi tangu mwanzo ili msinisumbue baadaye: niliona wivu. Niliubeba pamoja na shanta langu, na kuna siku ulikuwa mzito kuliko shanta. Nisipowaambia hilo hamtaelewa lile mnaloniuliza kila siku, kwamba kwa nini Petro siku hizi akisimama na pombe mkononi haendelei mpaka anisikie mimi.

Dongobesh hadi Arusha

Henrik mnamkumbuka, yule Mdenishi wa mabomba ya maji. Muda wote aliokaa hapa nilikuwa mkalimani wake. Mimi ndiye niliyepanda naye kila kilima nikishika ncha ya kamba ya kupimia, mimi ndiye niliyemweleza kwa nini wazee hawataki bomba lipite makaburini. Lakini alilala kwa Petro. Jioni walikaa kwenye vigoda karibu na zizi, Petro bila Kiingereza, Henrik na Kiswahili chake cha "maji" na "asante", wakanyamaza pamoja mpaka giza liingie, kama watu waliokwisha kuambiana yote. Mimi niliyekuwa na maneno ya wote wawili nilisimama pembeni kama mwavuli siku ya jua.

Henrik na mkewe Karen hawakuwa na mtoto. Walipokuwa wanaondoka, baba yake Petro aliwafanyia slufay. Kwa asiye Mwiraqw, slufay ni maombi yetu marefu ya baraka. Mzee husimama ameshika pombe, anaomba mvua, mifugo, watoto, njia njema, na kila kipande kinapoisha watu wote huitikia kwa sauti moja. Hayo si mapambo. Maombi yasiyoitikiwa hayajaenda popote, yamebaki mdomoni mwa aliyeyasema. Na anayekaa kimya wenzake wakiitikia, watu humtazama.

Mzee alimwambia Henrik, kwa mdomo wangu mimi, "Mtoto akipatikana, nitamwombea mwenyewe, kwa sauti yangu."

Mzee alifariki mwaka ule serikali ilipotuhamishia kwenye mistari ya nyumba za kijiji. Na mtoto akapatikana, kule kwao. Ndipo mapadre wakaleta salamu kutoka kwa Henrik: Petro, njoo badala ya baba yako, nauli ipo, na uje na Safari ili uweze kusema na watu.

Mmeona nilivyoalikwa? Ili Petro aweze kusema na watu. Kama mtu anavyoambiwa aje na koti maana kuna baridi.

Habari za vibali na pasi za kusafiria naziruka, hata kuzikumbuka kunanichosha. Siku ya kuondoka kijiji kizima kilisimama barabarani. Mke wangu alinishika mkono akaniambia, "Baba Elina, usimwache Petro apotee." Mimi mwenyewe hakuniombea hata nisikwaruzike.

Petro alitapika kuanzia Karatu mpaka Mto wa Mbu. Nikasema moyoni, vizuri, sasa tutaona nani msafiri.

Roma

Ndege ilitushusha Roma. Kutoka hapo mpaka kwa Henrik tulikuwa na tiketi ya ajabu: unapanda treni yoyote, unashuka mji wowote unaotaka, halafu unapanda nyingine. Henrik alitaka tuone miji. Mimi nilikuwa nimeipanga yote kichwani, na nilikuwa nimeshapanga pia nitakavyowasimulia.

Roma kulikuwa na joto la kuokea mkate. Petro alivaa kabuti la marehemu baba yake, lile jeusi linalofika magotini, na hakulivua kwa sababu alisema hajui tutalala wapi. Tulikwenda stesheni tukakuta watu wamelala juu ya mizigo yao mchana kweupe. Nilimwuliza mfanyakazi mmoja kwa Kiingereza safi. Akainua mabega. Nikamwuliza wa pili, akainua mabega na mikono. Kumbe wafanyakazi wa treni walikuwa wamegoma.

Niliporudi kwenye benchi nilimkuta Petro ameshikana mkono na mzee wa Kitaliano mwenye kofia. Petro alikuwa amempa shikamoo, kwa sababu mtu mzima akikaa karibu yako utafanyaje? Mzee hakujua ameamkiwa nini, lakini aliupokea ule mkono akaanza kueleza mambo yake. Alieleza kwa muda mrefu. Petro alikuwa anasema, "Eeh. Eeh. Pole, mzee."

"Anasema nini?" nilimwuliza.

"Sijui. Nadhani amefiwa na mke."

Yule mzee alitoa picha mfukoni, ya mwanamke. Kisha akatupeleka mahali pa kunywa kahawa, akatununulia. Kahawa yenyewe ilikuja kwenye kikombe cha kuchezea watoto, imejaa robo. Nikaona tumepunjwa, nikamwonyesha mwenye duka kwa kidole kwamba ajaze. Watu wote walicheka. Petro alikuwa amekwisha kunywa yake, akasema, "Ni kali kama dawa. Inatosha." Wakampigapiga mgongoni.

Mimi ndiye niliyejua Kiingereza. Nawaambieni, Roma Kiingereza ni kama noti ya nchi nyingine.

Roma hadi Milano

Treni ilipokuja watu waliingia kwa madirisha. Tulipata nafasi kwenye chumba kidogo cha viti vinavyotazamana. Petro hakuweza kukaa. Alianza na bibi mmoja mwenye kikapu, kwa kuwa ndiye mkubwa, akamshika mkono, kisha mume na mke, kisha mwanajeshi kijana, kisha msichana aliyekuwa anasoma. Alipomaliza ndipo akakaa, na chumba kizima kikawa kinamtazama kama padre.

Mchana ukafika na njaa ikaja. Kwetu hamfungui chakula mbele ya mtu mkala peke yenu, hilo halihitaji kufundishwa. Petro akatoa mahindi yetu ya kukaanga na kibuyu kidogo cha asali, akagawa. Mwanajeshi aliyauma mahindi kama mtu anayeuma mkate, akapiga kelele akashika shavu. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha naye akafungua kikapu: mkate, nyama iliyokaushwa, na jibini lililonuka kama soksi za mwaka jana. Petro alifumba macho akala. Mimi nilisema hapana, asante. Bibi alinitazama kwa huzuni, akaweka kipande changu juu ya kipande cha Petro.

Wakauliza majina. "Petro," alisema Petro. "Pietro! Pietro!" Chumba chote kilifurahi, kumbe jina lao. Zamu yangu ikafika. "Safari," nilisema. Mwanajeshi akajiwekea bunduki ya uongo begani, akalenga dirishani, akanguruma kama simba. Wakacheka tena. Walidhani sijajibu swali, kwamba ninawaambia tumekuja kuwinda.

"Umeona?" Petro aliniambia baadaye, amefurahi kweli. "Huku kina Petro ni wengi."

"Wengi sana," nilisema. "Na mmoja walimsulubisha kichwa chini, kule kule Roma tulikotoka."

Nilitaka limchome. Petro alicheka mpaka akashika mbavu, na wale wote ambao hawakuelewa neno wakacheka naye.

Milano kwenda milimani

Kutoka Milano treni inapanda. Hapo nilianza kupata nafuu. Mnajua baridi ya kwetu asubuhi, ukungu umelala mabondeni na moshi hautaki kupanda? Kulikuwa hivyo. Nilitamani nyumbani, nikatamani pia nisirudi kamwe, mambo hayo mawili kwangu huja pamoja. Petro alikuwa dirishani.

Tulipokwisha kuingia Uswisi treni ilisimama kwenye kituo kidogo, nyumba chache na kanisa. Kwa nini ilisimama sijui.

"Safari, angalia," alisema Petro. "Wale ng'ombe hawana mtu."

Niliangalia. Ng'ombe wa rangi ya kahawia, wanene, wana kengele shingoni. Lango la uwanja wao lilikuwa wazi na watatu walikuwa wameshatoka, wanakuja upande wa reli.

"Huku ng'ombe hawachungwi," nilisema. "Nimesoma."

"Hawachungwi vipi? Mwenye nao amepata matatizo. Labda kuna msiba."

"Petro, huku si kwetu."

"Kwa hiyo treni ya huku haikati ng'ombe?"

Na akashuka. Alichukua mwavuli wangu, maana fimbo hakuwa nayo, akaruka chini na kabuti lake likapepea nyuma. Alipiga mluzi, ule wa kwao wa jioni, na nawaambieni wale ng'ombe wa Uswisi walisimama wakamtazama, wakageuka.

Ndipo treni ikaanza kutembea. Nilipaswa kuchagua kati ya Petro na treni, na sitawadanganya, nilichelewa kidogo kuchagua. Kisha nikatupa mashanta nje nikajitupa na mimi.

Mwenye ng'ombe alikuja mbio na mbwa na uma wa majani. Aliona mtu asiyemjua, kabuti jeusi, anaswaga ng'ombe wake. Jiweke mahali pake. Nikajitokeza mbele kwa heshima zote, "Good afternoon, sir," naye akanielekezea uma. Hakujua hata salamu. Petro alikuwa anaendelea kuwaingiza ng'ombe, hana habari, akafunga lango, akalitikisa kuona kama limeshika, halafu akaja kumpa yule bwana mkono na kumwambia kwa Kiswahili, "Pole sana. Nani amefariki?"

Aliyetuokoa ni mama yake yule bwana. Alikuwa ameyaona yote dirishani, alikuwa akipiga kelele kuhusu lango na hakuna aliyemsikia. Alifika na fimbo yake ya kutembelea, akamsema mwanawe mbele yetu kwa lugha ambayo sikuihitaji kuielewa, mama akigomba ni mama akigomba. Tulikula kwao supu ya viazi na mkate mweusi. Petro akapelekwa kuona ndama. Mimi nikapewa mbwa nimshike.

Wakati wa kuondoka bibi yule alitoa kengele ukutani, kubwa, ya shaba, na mkanda wake wa ngozi, akamvika Petro shingoni kwa mzaha. Wakacheka kama ndugu. Mimi nilirudishiwa mwavuli wangu, umepinda.

Hamburg

Kengele haikai kimya ndani ya shanta. Treni ikikata kona, kolong. Mtu akipita akaligusa, kolong. Kutoka Basel mpaka Köln watu waligeuka kutafuta ng'ombe yuko wapi. Nikaifunga kwa sweta langu, nikaenda na baridi, na bado ililia.

Köln, mji wa Ujerumani, tuliona kanisa jeusi lenye minara miwili, refu hata shingo inauma. Petro alipiga magoti muda mrefu. Mimi nilizunguka nje nikitafuta kitu cha kuwasimulia, nikaona watu wanakula soseji wamesimama.

Hamburg nilifurahi, kwa sababu kuna bandari, na bandari naijua tangu Mombasa. Nilimweleza Petro winchi, matishari, jinsi shehena inavyopangwa. Alisikiliza vizuri. Halafu, tumekaa kwenye benchi tukitazama meli, akasema, "Safari, tufanye ile slufay kidogo. Mimi niseme, wewe uitikie."

"Hapa? Mbele ya watu?"

"Si hawaelewi."

"Ndiyo maana. Wataona wehu wawili."

"Mimi sijawahi kuisema," Petro alisema. "Baba ndiye alikuwa anasema, mimi nilikuwa naitikia tu kama watu wote. Nikiwa peke yangu naisahau. Usiku naijua yote, asubuhi imevunjika katikati. Ukiniitikia itakaa."

Alisema hayo akiwa anatazama mikono yake. Na mimi nilikuwa na Roma kifuani, nilikuwa na yule bibi wa jibini na yule bibi wa kengele na wote waliomwita Pietro.

"Kila tulikopita umepata watu, Petro," nilisema. "Huna lugha, na bado umepata watu. Basi waambie hao Wazungu wako wakuitikie."

Alinitazama kidogo.

"Umechoka," alisema.

"Sijachoka."

"Basi una njaa." Akavunja mkate wake, akanipa kipande kikubwa.

Nikaula. Hakuna jambo gumu kama kumkasirikia mtu huku unatafuna mkate wake.

Treni ndani ya meli

Hili hamtaliamini, na Bura, balozi wetu wa nyumba kumi, ameshaniambia nimelewa. Kati ya Ujerumani na Denmark kuna bahari, na treni inaingia ndani ya meli. Ndani kabisa, na mabehewa yake na watu wake, kama ng'ombe anaingia zizini.

Petro alimwona kijana mmoja akieleza kwa ishara, akaniambia. Nikasema haiwezekani. Nimefanya kazi ya reli, nimeona bandari, treni huishia gatini. Nikamwambia tukae tayari kushuka. Kisha pakawa giza na tukasikia vyuma, na treni ilikuwa tumboni mwa meli. Petro hakusema kitu. Angesema, ingekuwa afadhali.

Nikasema napanda juu kupata hewa. Alikataa kuacha mizigo. Juu kulikuwa na upepo, ndege weupe, watu wanakula, na kwa mara ya kwanza tangu Dongobesh nilikuwa peke yangu bila mtu kuniuliza Petro ni nani. Nilisimama pale mbele nikiwa mimi, Safari, katikati ya bahari ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuivuka. Nilitaka isimalizike.

Ilimalizika. Watu wakashuka ngazi na mimi nikashuka, lakini ngazi za meli ile ni nyingi na zinafanana. Nilifika kwenye malori. Nikarudi juu, nikashuka pengine, nikafika kwenye magari madogo. Nilipoiona reli, ilikuwa tupu. Treni ilikuwa imekwenda na Petro ndani yake, Petro asiyejua neno hata moja la kuulizia choo.

Nilitoka kwa miguu nikikimbia. Maneno ya Mama Elina yalikuwa masikioni mwangu: usimwache Petro apotee. Nilikuwa nawaona watu wa hapa wote wamesimama barabarani, basi linafika, nashuka peke yangu.

Petro alikuwa kwenye stesheni ya bandarini, ile ya kwanza kabisa. Amekaa juu ya mashanta yote mawili, kabuti limefungwa vifungo vyote. Alikuwa ameshuka pale treni iliposimama kidogo, hakuwa na uhakika wa lolote, akakaa.

"Ungekwenda tu!" nilimfokea, nikihema. "Henrik anasubiri mbele huko. Ungefika!"

"Ningefika nikafanye nini?" alisema Petro. "Ningesema na nani aitikie?"

Kisha akasimama akapangusa kabuti. "Nilijua utakuja. Wewe hujawahi kupotea."

Hata katika kupotea kwangu yeye ndiye aliyetoka vizuri.

Shambani kwa Henrik

Henrik alitupokea stesheni ya mbele, amenenepa, ana ndevu. Alimkumbatia Petro wakanyamaza vile vile kama zamani. Mimi nilibeba kengele.

Shamba lao ni tambarare, mpaka macho yanakosa mahali pa kupumzika, halina hata kilima kimoja cha kusingizia. Na jua la kule wakati ule wa mwaka linakataa kuzama, watu wanakula chakula cha jioni kama mchana. Tulifika siku ya kumbatiza mtoto, msichana, mweupe kama maziwa, ana nywele kama ndevu za mahindi mabichi. Majirani walikuwa wamejaa kwenye meza ndefu uani. Walikula viazi na nguruwe, kisha kila mtu akapewa karatasi, na wote wakaimba wimbo waliomtungia mtoto, wakisoma. Nilimnong'oneza Petro, "Hawa hata kufurahi wanasoma." Hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Hakuwa amekula.

Henrik akasimama akaeleza. Nadhani alieleza habari za mzee, maana Karen aliinama. Petro akaomba chombo cha kushikwa kwa mikono miwili, wakamletea jagi la udongo la maziwa, wakalijaza bia yao. Akasimama mbele ya mtoto ndani ya kabuti la baba yake. Bia ikamwagika kidogo kwenye kidole.

Alianza vizuri. Kipande cha kwanza, kile cha asubuhi na mvua ya taratibu, mnakijua. Kiliisha. Akangoja.

Pakawa kimya. Upepo ulikuwa unapiga kamba ya bendera kwenye mlingoti. Wale watu walikuwa wameinamisha vichwa kwa heshima kubwa, na hawakujua kwamba mtu ameulizwa jambo na anasubiri jibu. Petro hakunitazama. Angenitazama ingekuwa ananiomba, na baada ya yale niliyomwambia Hamburg hakutaka kuniomba.

Mchungaji wao akaona kimya kimetosha. "Amina," akasema. "Amina," wakasema wote, wakainua vichwa wakitabasamu. Viti vikaburuzwa. Mtu akaanza kumimina kahawa.

Niliiona mikono ya Petro inaanza kushuka na lile jagi. Taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo alioubeba tangu Dongobesh na amefika akaambiwa si hapa. Neno la mzee lilikuwa linarudi chini pamoja nalo. Na katika nchi ile nzima, kutoka bandarini mpaka huko baridi inakoanzia, mtu aliyeelewa kilichokuwa kinatokea alikuwa mmoja, amekaa mwisho wa meza, ana kipande cha keki mkononi.

Niliitikia. Nilichelewa, na nilipiga kelele mno, keki ikaanguka, lakini niliitikia kama tunavyoitikia hapa, kutoka tumboni, mpaka mbwa wao akabweka. Watu wakaganda na vikombe mkononi. Jagi likapanda tena.

Hapo ndipo nilipojua kazi ambayo maisha yangu yote nimeifanya ndani ya kundi bila kuijua. Mkiwa wengi, kila mtu anajificha kwenye sauti ya mwenzake. Ukiwa peke yako, wewe ndiye unayemwendesha anayesema. Nikiitikia haraka, Petro alikwenda haraka. Alipofika pale katikati ambapo huvunjika, nilimwona macho yamekwama, basi nikalivuta jibu langu, nikalivuta refu mpaka pumzi ikaisha, ili apate muda. Akakipata kipande kilichofuata. Akaenda mbele. Akamwombea mtoto miguu ya kutembea mbali na ya kurudi, akawaombea ng'ombe wa kule, akamwombea yule bibi wa kikapu na yule mama wa lango, na mzee aliyefiwa. Vingine baba yake hakuwahi kuvisema. Mwishoni wale watu nao walikuwa wameshika mahali pa kuitikia, wakawa wanaguna pamoja nami, vibaya, lakini walikuwa wanaguna.

Karen alilia. Henrik alimshika Petro muda mrefu. Kisha akaja akanipa mkono akasema kwa Kiingereza, "Asante sana kwa kutafsiri."

Sikuwa nimetafsiri hata neno moja.

Tulipokuwa tunakwenda kulala, jua bado lipo, Petro alisema, "Ulichelewa."

"Lakini nilikuja."

"Eeh," alisema. "Ulikuja." Na akaanza kucheka kimya kimya, mabega yanatikisika ndani ya kabuti, nami nikacheka.

Nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile na haikuwa na mkasa, isipokuwa kengele.

Yaliyobaki mliyaona wenyewe. Jumapili ile kwa Petro, pombe imeiva, watu wamejaa mpaka kwenye mistari ya viazi. Petro akasimama mahali alipokuwa anasimama baba yake. Akasema kipande cha kwanza, na ninyi nyote mkaitikia, sauti ikagonga mlima ikarudi. Petro akabaki kimya. Mkaitikia tena, mkidhani hakusikia. Alikuwa anatazama juu ya vichwa vyenu, akinitafuta. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi karibu na zizi, na ng'ombe wake mwekundu alikuwa kando yangu na ile kengele shingoni. Nikaitikia, peke yangu. Ndipo akaendelea.

Bura, yule balozi, alikuwa amesimama karibu nami. Yeye na Petro walichunga pamoja tangu wadogo. Aliinama sikioni pangu.

"Kwa nini anakusubiri wewe?" alisema. "Sisi si watu? Kijiji kizima kimeitikia, anakusubiri wewe?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa anajaribu kutabasamu, na midomo haikutaka. Ule uso naujua. Nilitembea nao kutoka Roma mpaka Denmark, niliuona kwenye kila dirisha la treni.

Nikasogea kwenye benchi. Nikampa nafasi akae.